Usinionyeshe mabango, nionyeshe maswali ya wateja

Vijana wengi wanaotafuta kazi ya kuendesha kurasa za mitandao ya kijamii hunitumia potifolio, yaani faili za kazi walizofanya, ambazo ukifuta jina la mwombaji huwezi kujua ni za nani. Ukurasa wa kwanza una picha yake na maneno "mbunifu, mchapakazi, anayejituma". Yanafuata mabango: Heri ya Mwaka Mpya, Eid Mubarak, Siku ya Wanawake Duniani, punguzo la asilimia 20. Rangi zimekaa vizuri, maandishi yanasomeka. Mwisho kuna namba ya simu. Nafunga faili bila kujua jambo moja la maana: huyu kijana akiachiwa ukurasa wa duka Ijumaa jioni, komenti zimejaa na mwenye duka hapokei simu, atafanya nini?

Kutengeneza bango ni kazi ya msanifu wa picha, na ni kazi ya heshima yake. Mwendesha kurasa analipwa kwa kitu kingine. Analipwa kuamua nini kisemwe, lini, kwa nani, na kumjibu mtu anapouliza. Potifolio isiyoonyesha maamuzi na majibu hayo bado haijaanza kumweleza mwajiri kazi yenyewe. Na hili nalisema kwa sababu naona vijana wanakata tamaa wakidhani wanahitaji jina la kampuni kubwa kwenye faili lao: hawalihitaji. Duka la shangazi linatosha, genge la jirani linatosha, saluni ya mtaani kwenu inatosha, mradi kazi iwe ya kweli.

Nichukue Kariakoo ya Dar es Salaam, kwa kuwa ndiko ninakokufahamu zaidi. Pitia akaunti za maduka ya nguo ya mtaa wa Kongo na mitaa inayoizunguka. Picha nzuri ya gauni, na maneno "Mzigo mpya umeingia, njoo DM". Chini yake: "Bei?" "Bei gani?" "Mbona bei hamjibu?" "Mnapatikana wapi?" "Mikoani mnatuma?" Muuzaji anajibu mmoja mmoja kwa simu ileile anayopokelea malipo na kuongea na bodaboda, huku mteja wa dukani amesimama mbele yake ameshika nguo. Akichelewa kujibu kwa saa tatu, aliyeuliza ameshanunua duka la pili.

Sababu za kuficha bei zipo, na si za kijinga. Jirani akiiona bei anashusha yake kwa shilingi elfu moja. Wa jumla na wa rejareja hawauziwi sawa. Mzigo unaofuata unaweza kuja kwa gharama nyingine kabisa. Mwendesha kurasa mzuri anakaa chini na mwenye duka, anazisikiliza sababu hizo zote, halafu wanatafuta njia pamoja: labda bei ya rejareja iwekwe wazi, ya jumla ibaki WhatsApp. Mazungumzo hayo ndiyo kazi. Yaandike. Ukurasa mmoja unaosema "mwenye duka aliogopa hiki, nikapendekeza hiki, tukakubaliana hiki" unanionyesha akili ya mtu kuliko mabango yote ya sikukuu.

Mwaka jana dada mmoja alinitumia kazi zake, kurasa chache tu, zote kuhusu duka moja la madera la mama yake mdogo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na skrinshoti za komenti kabla hajagusa chochote, na chini yake alikuwa ameyapanga maswali kwa mkono: ya bei, ya mahali duka lilipo, ya kutuma mikoani, ya saizi, na mengineyo. Karibu yote yaliangukia mafungu matatu ya mwanzo. Akaandika sentensi moja: "Watu hawa wanataka kununua, ila tunawachosha kabla hawajafika kwenye nguo."

Ukurasa uliofuata ulikuwa na maelezo ya zamani ya picha na yale aliyoyaandika yeye. Ya zamani: "Madera makali yameingia wapendwa, karibuni DM." Ya kwake:

"Dera la pamba, halichuji, halionyeshi ndani. Saizi ni moja, linamkaa mnene na mwembamba. Sh 18,000 rejareja. Jumla ni kuanzia pisi 6, njoo WhatsApp. Tupo Kariakoo, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu. Mikoani tunatuma kwa basi, ukilipia kabla ya saa 8 mchana mzigo unaondoka leoleo."

Soma tena pale anaposema halichuji na halionyeshi ndani. Aliyeandika hivyo amewahi kusimama dukani akasikia wateja wanauliza nini wakiwa wameshika kitambaa na kukitazama kwenye mwanga. Hakuna programu iliyompa maneno hayo. Na ile "juu ya duka la viatu" ndivyo watu wanavyoelekezana Kariakoo kwa kweli, maana namba ya jengo haimfikishi mtu.

Kisha akaweka komenti za baadaye. "La kijani lipo?" "Kwa mjamzito linafaa?" "Nikichukua kumi unanipunguzia ngapi?" Maswali yamebadilika. Yale ya kwanza ni ya mtu aliye nje ya duka. Haya ni ya mtu aliyeshaingia na mkono uko kwenye pochi. Hakutaja wafuasi waliongezeka wangapi, nami sikumuuliza. Nilimpigia simu siku ileile.

Kuhusu takwimu, nina neno kidogo, kwa sababu hapa ndipo potifolio nyingi zinapojiangusha zenyewe. Idadi ya wafuasi inanunulika, kila mtu mjini anajua, kwa hiyo ikisimama peke yake haimshawishi mwajiri makini. Tatizo la pili ni kuchanganya vipimo. Tangu 2024 Instagram imeweka mbele idadi ya kutazamwa kuwa kipimo chake kikuu. Hiyo inahesabu mara ambazo maudhui yameonekana au kuchezwa. Mtu mmoja akiirudia video mara nne, zinahesabiwa nne. Idadi ya watu waliofikiwa ni kipimo tofauti, na siku zote huwa ndogo kuliko hiyo au sawa nayo. Mwombaji akiniandikia "nimefikia watu 40,000" na skrinshoti yake inaonyesha mara 40,000 za kutazamwa, naelewa kwamba hajui anachokipima, na mteja atakuja kupewa ripoti yenye kosa hilohilo.

Namba ninayoitaka mimi ni ya njia nzima: waliofikiwa, waliotuma meseji, walionunua. Mbili za kwanza zimo kwenye simu. Ya tatu haimo. Imo kwenye daftari la mauzo la mama mwenye duka, au haipo popote hadi mtu aianzishe. Mwombe mwenye duka amuulize kila mteja "umetuona wapi?" na aweke alama pembeni: I kwa Instagram, W kwa WhatsApp, N kwa aliyeletwa na ndugu au rafiki, P kwa mpita njia. Wiki nne za alama hizo zina uzito kuliko grafu yoyote ya rangi. Na zikionyesha kwamba wengi wananunua kwa kuambiwa na ndugu, liseme hivyohivyo, kisha eleza ulifanya nini na habari hiyo. Mtu anayeripoti ukweli usiompendelea ndiye ninayemkabidhi ukurasa.

Ili uwe na cha kulinganisha, hifadhi hali ya mwanzo kabla hujaanza. Hili halingoji. Akaunti ya kawaida ya Instagram haitoi takwimu. Inabidi ibadilishwe kuwa ya kibiashara au ya mtayarishaji maudhui, na machapisho ya kabla ya kubadilisha hayana takwimu za kurudia. Stori hupotea hadharani baada ya saa 24. Na siku mkataba ukiisha mwenye duka akakutoa kwenye akaunti, kila kitu kinabaki upande wake. Kwa hiyo siku ya kwanza piga skrinshoti za ukurasa ulivyo, komenti zilivyo, muda unaotumika kujibu meseji, weka tarehe. Muombe mwenye mali ruhusa ya kuzitumia baadaye, na ruhusa hiyo iwe ya maandishi, hata kama ni meseji ya WhatsApp. Tena usipokee nywila ya akaunti ya mtu ukaanza kusumbuana naye kila usiku kuhusu namba ya uthibitisho. Meta Business Suite, programu ya wenye Instagram na Facebook ya kusimamia kurasa, inamruhusu akupe nafasi yako mwenyewe na kuiondoa akitaka. Kijana anayemfundisha mteja jambo hilo siku ya kwanza ameshaonyesha kwamba anajua kulinda mali ya mwenzake.

Sehemu ninayoitafuta kuliko zote, na ambayo karibu kila potifolio inaikosa, ni jinsi mtu anavyojibu lawama. Mteja wa Mwanza anaandika hadharani: "Nimelipa tangu Jumatatu mzigo sijauona, matapeli nyie." Wengine hufuta komenti na kumzuia. Wengine hubandika "Samahani kwa usumbufu, tafadhali njoo DM", maneno yaleyale kwa kila mtu, mpaka yanageuka kuwa tusi. Tazama jibu hili:

"Pole sana dada, na asante kwa kutuambia. Mzigo wako ulipanda basi Jumanne jioni kutoka stendi ya Magufuli. Nimekutumia DM picha ya risiti na namba ya ofisi yao ya Mwanza. Nawapigia sasa hivi, na nitakujibu hapahapa kabla ya saa 10 jioni."

Na saa 10 kasoro, chini yake: "Dada, mzigo uko ofisini kwao, jina lilikuwa limekosewa herufi moja. Wameshalirekebisha, ukienda na kitambulisho utapewa." Lile jibu la pili ndilo linalonunua imani ya wote wanaosoma kimyakimya. Weka yote mawili kwenye potifolio, saa zikionekana. Kama biashara unayoisaidia haijapata lawama yoyote, chagua malalamiko matatu ya kawaida katika sekta hiyo, andika ungejibu vipi, na useme wazi kwamba ni mfano wa kujifunzia.

Kusema wazi ni lazima pia kwenye mabango ya kampuni kubwa. Nimeona faili zenye nembo za mitandao ya simu na mabenki, mwombaji akiwa hajawahi kuingia hata mapokezi yao. Kufanya zoezi kwa kutumia chapa inayojulikana hakuna ubaya wowote. Liandikwe tu juu kabisa kuwa ni zoezi. Anayeajiri katika mji huu hufahamiana na wenzake, na kuuliza ni simu moja tu.

Kalenda ya maudhui nayo ina habari zake. Nyingi nazozipokea zimenakiliwa kutoka mtandaoni, zimejaa siku za kimataifa za vitu ambavyo mteja wa hapa hajawahi kuvisherehekea. Kalenda inayonifurahisha inafuata fedha zinavyotembea. Januari ni ada na sare, na nguo za kutokea zinasubiri. Mishahara ikitoka, siku tatu nne zile ndizo za kuuza, na tangazo la kulipia liwekwe hapo, si katikati ya mwezi. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo aliyenakili kalenda ya mwaka jana amekosea, na nguo za Eid huwa moto kumi la mwisho. Julai kuna maonyesho ya biashara ya Saba Saba pale Barabara ya Kilwa. Kuanzia Oktoba minada ya korosho inafunguliwa, fedha zinaingia kusini, na duka linalotuma mzigo Mtwara na Lindi lina sababu ya kuongea na watu wa kule miezi hiyo. Kijana akiniandikia mstari huo wa korosho sihitaji kuuliza kama anamjua mteja.

Faragha. Nitaikazania, maana vijana wanaichukulia kama jambo la wanasheria. Potifolio nyingi zina skrinshoti za WhatsApp zenye majina ya wateja, namba za simu, hata meseji za malipo zenye kiasi na jina kamili la mlipaji. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza klabu moja ya starehe ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila ridhaa ya wazazi. Anayebonyeza kitufe cha kuchapisha katika kesi kama hizo anaweza kuwa mtu wa kazi yetu hii. Funika majina, funika namba, na picha ya mtu usiiweke hadi amekubali. Halafu andika kwenye potifolio kwamba umefanya hivyo na kwa nini. Mwajiri anayeelewa hatari atalipima hilo kwa uzito wake.

Kuna jambo linaloniudhi upande wa waajiri pia, na sitalinyamazia. Kijana anaambiwa "kabla ya usaili tutengenezee kalenda ya mwezi mzima na video tano, tuone uwezo wako". Anafanya, anakesha, haitwi tena, na mwezi unaofuata anaona mawazo yake kwenye ukurasa wa kampuni. Hiyo ni kazi iliyofanywa bila malipo, na anayeagiza anajua. Jaribio la haki ni la saa moja au mbili: jibu komenti hizi tano, andika maelezo ya picha hii. Likizidi hapo, lilipwe. Na potifolio yenye ushahidi ndiyo inayokupa nguvu ya kusema, kwa adabu, "kazi ya aina hiyo nimeshaifanya, iko ukurasa wa tatu, karibu tuijadili."

Hata kujitolea kwenye duka la ndugu kuwe na mpaka. Mkubaliane muda, mkubaliane utafanya nini, na baada ya hapo mzungumzie malipo au muachane kwa heshima. Undugu wetu ni mtamu lakini unaweza kumfanya mtu aendeshe ukurasa wa mjomba miaka miwili kwa soda na nauli.

Umbo la faili lenyewe si la kuumizwa kichwa. Nitalifungua kwenye simu, pengine nikiwa kwenye basi la mwendokasi, kwa bando langu, kwa hiyo PDF nyepesi inayoingia WhatsApp inatosha. Ukitumia kiungo cha Google Drive, hakikisha kimefunguliwa kwa kila mwenye kiungo. Ukikisahau, mwajiri anakutana na "omba ruhusa", na wengi hawaombi. Andika kwa lugha ambayo wateja wa biashara hiyo wanaongea. Kama kurasa ulizoendesha ni za Kiswahili na kazi unayoomba ni ya Kiswahili, sioni sababu ya kujieleza kwa Kiingereza cha kuazima.

Akili mnemba itumie kama unataka. Mimi huitumia kupanga mawazo. Ila siku hizi napokea maombi yenye sentensi zinazofanana neno kwa neno kutoka kwa watu wasiojuana, na ndiyo maana nimezidi kuthamini vitu ambavyo haiwezi kuvijua: mama mwenye duka alisema nini, mteja gani alirudi, kwa nini video ya Jumatano ilishuka. Ukiitumia kwenye kazi fulani, taja, kisha onyesha ulichobadilisha.

Muda mliokubaliana ukiisha, kabla hujaaga, mwachie mwenye duka vitu vitakavyofanya kazi bila wewe: majibu ya haraka ndani ya WhatsApp Business kwa yale maswali ya bei, mahali na usafiri, katalogi yenye bei, na karatasi moja ya siku zake za mauzo za miezi inayokuja. Vyote hivyo viingie kwenye potifolio. Halafu mwombe maneno yake, kwa sauti yake, na usimwandikie wewe. Muulize nini kimebadilika, nini hakijabadilika, na kama angemlipa mtu kuendelea. Akikwambia "sasa hivi simu hainichoshi kama zamani, ila wale wa Mbeya bado wanalalamika mzigo unachelewa", iweke kama alivyosema, na ukurasa unaofuata eleza ungelifanyia nini hilo la Mbeya.